Bidon Iliyofika Tupu Gashonga

Bapapa, bamaman, bandugu zangu, Mungu amenifikisha tena mbele yenu na shati yangu iko safi. Muniache niseme nikikaa, juu bado naogopa bantu wengi.

Nilizaliwa Bukavu, mutoto wa bakimbizi ba zamani. Kisha mauaji ya kimbari kuisha, tulirudi huku Rwanda, tukakuta nyumba nyingi haina tena sauti ya muntu. Mudogo wangu alibakia ng'ambo. Alisema atauzisha vyombo kwanza, halafu atanifuata. Vita ikaingia Bukavu. Sijamuona tena, hata kaburi sijaonyeshwa.

Nilikuwa nabeba mizigo pale ku mpaka ya Rusizi, na kila muntu aliyevuka daraja nilimuangalia uso. Jioni macho ikichoka nilienda kunywa. Nilianza na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nikamalizia na kanyanga, ile kali ya kificho. Nilikuwa nasema nakunywa juu ya mudogo wangu. Bandugu, nawaambia, mudogo wangu hakunituma hata siku moja.

Muke wangu alivumilia mpaka akachoka. Alikamata batoto, akarudi kwa baba yake Gashonga.

Munajua desturi yetu. Muke akirudi kwao, unamufuata na pombe, unaomba radhi mbele ya bazee. Basi nikanunua bidon ya kasiksi, dumu nzima, nikapanda na miguu. Jua ilikuwa kali. Nikajiambia, mwenye kuleta pombe njo anaonja wa kwanza, bantu bajue haina sumu. Nikaonja pale kwenye mashamba ya mihogo. Nikaonja tena pale kwenye migomba. Mucheke tu, hata mimi leo nacheka. Nilifika kwa baba mkwe na bidon tupu, nikaiweka mbele ya bazee na heshima yote.

Hakuna aliyenitukana. Baba mkwe aliinua bidon, akaitingisha, akairudisha chini polepole. Muke wangu alikuwa amesimama kwa mulango. Aligeuka, akaingia ndani. Ile mugongo yake ilinipiga kuliko fimbo.

Maman mumoja mwenye kuuzisha samaki ku mpaka aliniona vile nilikuwa. Akaniambia kuna bantu balioacha pombe, banakutana siku ya Mungu misa ikiisha, huku chini Cyangugu, mu hii nyumba ya mulango wa bluu. Nikaoga, nikaenda. Nikachungulia kwa dirisha: bantu bamezunguka bidon, mirija iko ndani, mumoja anavuta, anapitishia mwenzake. Nikasema, huyu maman amenichezea, hii ni kabare tu, nyumba ya kunywea pombe. Nikageuka mbio.

Mimi, bandugu! Mimi ambaye sikupita kasiksi bila kuisalimia, ile siku niliikimbia. Nilifika kwenye barabara ya ziwa nikaanza kulia sawa mutoto. Njo pale nilijua ya kwamba nataka kuacha kweli. Kabla ya pale nilikuwa nataka tu muke arudi.

Mwenye nyumba alinifuata, akaniuliza nakimbia nini. Nikamujibu kama nilikuwa natafuta bantu ba kuacha, siyo ba kunywa. Akanishika mukono, akanirudisha ndani, akakamata murija, akavuta wa kwanza akiniangalia macho kwa macho. Halafu akanipa.

"Papa, ni mutobe," akasema. "Maji ya ndizi, haijachacha. Tuliacha pombe, hatukuacha kukaribishana."

Sitawadanganya, nilianguka tena kisha pale, na siyo mara moja. Nilirudi nikinuka, nikatafutiwa kiti. Wakati nilipopata nguvu, tulipanda Gashonga pamoja, bidon ya mutobe ikipita kutoka kichwa kwenda kichwa. Munakumbuka? Mulikataa niibebe peke yangu hata hatua moja, na mulikuwa na haki.

Baba mkwe hakunisalimia. Alianza na bidon. Akaitingisha, na haikulia, juu ilikuwa imejaa mpaka kwa mdomo. Akasema: "Onja." Nikaonja. Naye akaonja, akaita binti yake alete vikombe. Muke wangu akaleta. Cha kwanza alimumiminia baba yake, cha pili akanipa mimi.

Hakurudi siku ile. Alirudi kuvuna maharagwe ilipokwisha, na batoto, na alikuwa na haki ya kungojea.

Kwa hiyo aksanti, maman wa samaki. Aksanti, mwenye hii nyumba. Aksanti, baba mkwe, ambaye hakunifukuza. Mudogo wangu bado namutafuta kwa nyuso za bantu pale darajani, lakini jioni sasa narudi kwangu. Kitu nimejifunza ni kidogo: kilio haimalizwi na chupa, na mzigo unaokushinda, upe wenzako baubebe na wewe.

Na wewe ndugu uliye pale inje ya dirisha, naona kofia yako tangu nimeanza kusema. Najua unaangalia hii bidon, najua unawaza nini. Usikimbie. Ingia, kiti iko. Leo zamu ya kuonja wa kwanza ni yangu.