Swali Ambalo Mama Hakuliuliza

Wasikilizaji wapendwa, jirani wa nyumba ya pili anasema Kola aliikimbia sindano. Anasema alimwona akitoka chumba cha vipimo, mama yake nyuma akihangaika kumfuata. "Ujeuri tu ule," anasema jirani.

Leo tunamkumbuka Kola. Binti huyu alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa jinsi alivyozikalisha kola za mashati. Alikuwa kiziwi tangu utotoni. Cherehani ikianza kusumbua, aliijua kwa kiganja alichokilaza mezani. Wateja wakimsengenya mbele yake, alizisoma nyuso zao, kisha akawabana kiuno cha suruali makusudi. Mama akimgombeza, Kola alikuwa akicheka mpaka ashike mbavu.

Siku ile, Kola alitaka kupima virusi vya UKIMWI. Alikwenda kwa hiari yake. Lakini mshauri wa zahanati hakujua lugha ya alama, basi akamwita mama aliyekuwa akingoja nje, aje kutafsiri.

Mshauri akauliza kama binti amewahi kulala na mwanamume. Mama akainamisha kichwa. Mwanawe wa kumzaa, swali lile angeliulizaje? Mwishowe akainua mikono, akauliza, "Umekula asubuhi?"

Kola akamtazama mshauri usoni. Akamtazama mama. Uso ule haukuwa wa mtu anayeuliza habari za chakula. Akainuka, akatoka. Hakuikimbia sindano, wasikilizaji. Sindano ilikuwa bado kwenye pakiti.

"Niliona haya," anasema mama. "Nilidhani namsitiri mwanangu."

Muda mrefu baadaye, Kola alirudi zahanati akiwa amebebwa, kifua kimeshachoka. Hapo ndipo alipopimwa, akakutwa na virusi. Dawa zipo, na wengi wanazitumia na kuishi miaka mingi. Kwake yeye zilichelewa.

Kitandani, kwa lugha ya alama, alimwachia mama ombi: vijana viziwi wapatiwe mkalimani asiye ndugu yao, hata kama ni siku moja tu kwa wiki.

Mama, pole sana. Poleni ndugu, na mafundi wenzake. Nawe unayetusikiliza, jiulize: siri yako ya ndani ungeweza kuipitisha kwa mama yako?

Mkuu wa zahanati, ulisema leo utakuja studio. Mama yuko hapa, na ana neno nawe.

"Baba, nimekuja kwa ajili ya wale waliobaki. Huyo mkalimani, mtawapatia?"

Kipaza sauti kiko wazi, wasikilizaji. Kiti cha mkuu hakina mtu.