Mama Mabuti na Barabara Kuu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wapagazi mlioacha mizigo kwenye lango la mlima mkaja kuzika nasi, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi mnamjua kwa jina la Mama Mabuti, na naomba radhi mapema, kwa kuwa nitasoma nikiwa nimekasirika.

Dada yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mpasua mbao na mama mkulima wa viazi. Alisoma shule ya msingi ya hapa mlimani kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akafaulu vizuri, lakini karo ilitosha mtoto mmoja, na baba akaamua asome kaka yetu. Mwaka 1976 aliajiriwa katika hoteli iliyo karibu na lango la mlima, kufua mashuka na mablanketi ya watalii, na maji ya huku mnayajua, hayana huruma na vidole vya mtu.

Tarehe 12 Juni 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu, mpagazi mliyemwita Polepole, kwa sababu alikuwa wa mwisho kuondoka langoni na wa kwanza kufika kambini, wakajaliwa watoto watatu, ambao wote wamekaa hapa mbele yenu.

Tarehe 9 Agosti 1994 shemeji alifia mlimani kwa baridi, akiwa amebeba meza na viti ili watu wengine wakae wale, miguuni amevaa raba zilizotoboka, na kampuni iliyompandisha ikasema marehemu hakuvaa vizuri, kana kwamba alikuwa na nguo nyingine kabatini akazisahau. Alipofikishwa langoni, ofisi ya lango ikaamuru jeneza lisipite barabara kuu, lipitie njia ya machimbo ya mawe, kwa kuwa mabasi ya watalii yalikuwa yanaingia na eti si vizuri mgeni apokelewe na maiti. Dada akatembea nyuma ya mume wake kwenye tope, mtoto mgongoni, huku akisikia muziki wa kukaribisha wageni upande wa pili. Hilo hakulisahau, na wala hakutaka kulisahau.

Baada ya hapo aliacha kufua, akakusanya mabuti na makoti ambayo watalii huyaacha hotelini wakishateremka, akayashona, akayapaka mafuta, akafungua kibanda cha kuwakodishia wapagazi, mwenye chochote alitoa, asiye na kitu alivaa kwanza. Hakuna aliyempita pale na ndala, alimvua mtu mzima viatu hadharani akimuuliza, "Baba, hivi ni viatu au soksi zenye kamba?", na aliyechelewa kurudisha aliitwa kutoka ng'ambo ya barabara, "Shemeji, mabuti yangu hayajambo?", kabla hajaulizwa hali yake mwenyewe. Mlicheka, lakini mlipanda na miguu mikavu, mkarudi kwa wake zenu.

Katika kila mkutano wa mji alisimama kuuliza ni lini wafu wetu wataruhusiwa kupita barabara kuu, ambayo mitaro yake tuliichimba sisi, na kila mara alijibiwa kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Mji huu mzima, hoteli, maduka na ofisi, unakula kwa migongo ya wapagazi, halafu unaona haya mmoja wao akibebwa na wenzake. Wanaolifanyia kazi suala lake bado wanalifanyia kazi.

Mwezi Februari mwaka jana dada alianza kuvimba miguu, madaktari wakagundua ni moyo, akatibiwa hospitali ya wilaya, akapata nafuu, akalazwa tena, na asubuhi ya tarehe 21 Julai mwaka huu akafariki dunia akiwa ameshikwa mkono na binti yake mkubwa. Hakusema lolote kuhusu nyumba wala shamba, alisema tu, "Mwanangu, msinipitishe machimboni."

Jana ofisi ya lango ilituletea shada la maua, na mheshimiwa aliyelileta, ambaye yupo hapa safu ya pili, karibu sana baba, alituomba kwa adabu tupite machimboni, kwa kuwa huu ni msimu wa watalii na mabasi yanaingia saa nane. Maua tumeyapokea, ombi lako ondoka nalo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wafuaji wenzake wa zamani. Kwenu wapagazi mtakaobeba jeneza, nimeona mmevaa mabuti yake, na kwa niaba ya familia nasema hayo msirudishe tena. Tukitoka hapa saa nane kasoro tutashika barabara kuu, katikati, kwa mwendo wa Polepole, na mabasi yatasubiri.

Pumzika kwa amani, dada, hasira tuachie sisi.