Barza ya Papa Adalbert na mtaro wa avenyu Masuku

Na Hénoc Kunda, kwa niaba ya wenzake wa huduma ya mipango ya mji

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika huduma yetu, Papa Adalbert Mukuka anastaafu rasmi tarehe 31 Machi. Tunasema rasmi kwa sababu tunamfahamu. Mwaka jana alituaga Ijumaa kwenda likizo, na Jumatatu tukamkuta kwenye korido akimweleza mgeni wa ofisi ya jirani mahali pa kupitisha maji.

Kwa wasiomjua, kazi yake ilikuwa moja: kuhakikisha kwamba kabla komini, yaani manispaa yetu, haijachora barabara, bomba au mtaro katika mtaa, wakaaji wa mtaa huo wameulizwa. Ukiisikia hivyo unaiona kazi nyepesi. Mwulize mtu aliyewahi kujaribu kuwakusanya watu wa Lubumbashi Jumamosi asubuhi, wengine wakiwa sokoni, wengine matangani, na wengine wakisema wanakuja huku wamelala.

Alizaliwa Kasomeno, akaja mjini kusoma, akaingia komini kama mchoraji msaidizi. Wakubwa wake waligundua upesi kwamba mistari yake ilipinda lakini watu walipenda kuzungumza naye. Wakamtoa mezani wakampeleka mtaani, na pande zote mbili zikapumua.

Mwanzo wake huko haukuwa wa kujivunia. Kabla ya mkutano wake wa kwanza alitaka kukumbuka ni akina nani walioahidi kuhudhuria, basi akachukua rangi nyekundu na kutia msalaba mdogo kwenye ukuta wa kila aliyeahidi. Hapa kwetu hata mtoto anajua msalaba mwekundu ukutani unamaanisha nini: nyumba hiyo itabomolewa. Aliyesahau ni yeye peke yake. Kesho yake ua wa komini ulijaa akina mama na magodoro yao, na mzee mmoja alikuwa ameshang'oa mabati, akisema ni heri ayang'oe mwenyewe kuliko kuyaona yakikanyagwa. Mpaka leo hakuna mkutano wa huduma yetu uliohudhuriwa vizuri namna ile.

Tangu siku hiyo aliacha rangi, akashika kamba na chokaa. Kwake yeye mpango wa mtaa hausomwi, unatembewa. Kamba inavutwa chini pale mtaro au barabara itakapopita, chokaa inamwagwa kuifuata, na wakaaji wote wanaitembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha anayekubali anasimama upande huu wa kamba, asiyekubali upande ule. Kunyoosha mikono hakutaki, kwa sababu mtu anainua mkono huku akichungulia jirani yake amefanya nini. Miguu, anasema, inampa mtu nafasi ya kufikiri.

Kwa kamba hiyo wakaaji wa mtaa mmoja walikiokoa kisima chao, na wengine wakalisogeza soko ambalo ramani ililiweka juu ya kichuguu kikubwa kuliko nyumba. Kila ushindi ulifuatwa na munkoyo, pombe yetu ya mahindi, na kila mara Papa Adalbert alitangaza kwamba yeye anaonja tu. Alionja sana.

Sasa tufike mahali ambapo anaomba tusifike.

Avenyu Masuku, anakoishi yeye mwenyewe, ina mteremko. Kila msimu wa mvua maji yalishuka na kuingia kwa Mama Chola na majirani zake wa chini, watoto wakalazwa juu ya meza. Mwaka jana ikaamuliwa mtaro ujengwe, na mwezi wa Agosti Papa Adalbert akavuta kamba yake kwa bashasha. Upande mmoja wa barabara ulikuwa umeshachukuliwa na bomba kubwa la maji, kwa hiyo kamba ikapita upande wake. Ikanyooka vizuri, ikapita lango la kwanza, la pili, kisha ikaingia katikati ya barza yake, kibaraza cha mbele ya nyumba.

Hiyo barza lazima tuieleze. Ina nguzo mbili na vigae vyekundu, na aliijenga polepole kwa miaka mingi akijiandalia uzee. Alishatusimulia jinsi atakavyokaa pale baada ya kustaafu, upande gani asubuhi na upande gani jioni, mpaka tukaijua kama ya kwetu. Na barza hiyo, mali ya mtu aliyefundisha komini nzima kutojenga kwenye ardhi ya barabara, ilikuwa imetoka nje ya lupango yake, yaani kiwanja chake, hatua mbili nzuri. Hakuwa amepima. Alifuata ukuta wa jirani, na jirani alikuwa amefuata wa mwenzake.

Hakukubali mara moja. Alisema kamba imelowa umande, imevutika. Ikaletwa nyingine kavu, nayo ikapita palepale. Akapendekeza mtaro upinde kidogo kuikwepa barza, jambo ambalo yeye mwenyewe angelikataa kwa mtu mwingine yeyote, kwa maana mvua kubwa ingeruka kona na kurudi kwa Mama Chola. Clovis, mkuu wa avenyu, akamjibu kwa heshima zote: "Papa, maji haiwezi kupinda juu ya barza ya muntu. Ni mweye njo mulitufundisha."

Basi ikabidi miguu iamue. Wakaaji wote wakasimama upande wa mtaro ulionyooka. Papa Adalbert akasimama upande wa barza, na mke wake, Mama Annie, pembeni yake. Kwa muda mfupi. Mama Annie alikusanya kitenge chake, akavuka kamba. "Bwana yangu, minakupenda sana," akasema, "lakini Chola iko nalala mu maji."

Mzee wetu akabaki peke yake. Hakuvuka. Alitangaza matokeo akiwa amesimama upande wa aliyeshindwa. Jumamosi iliyofuata alishika nyundo mwenyewe. Sisi tuliokwenda kumsaidia tulimwona akitoa vigae kimoja kimoja na kuvipanga kando, na baadhi yetu tulitokwa na machozi, hatuoni aibu kusema.

Mvua za Novemba zilipokuja, maji yaliteremka mtaroni na kwenda zake. Kwa Mama Chola sakafu ilibaki kavu, na watoto wakarudi kulala kitandani. Papa Adalbert alizitazama mvua hizo akiwa amesimama mlangoni, kwa kuwa hakuwa tena na pa kukaa.

Mwezi uliopita alisafiri hadi Kasumbalesa kumpokea binti yake aliyekuwa anatoka Zambia. Nyuma yake avenyu nzima ikafanya mkutano, mlango ukifunguliwa na Mama Annie. Wakavuta kamba ndani ya lupango, wakamwaga chokaa, wakasimama wote upande mmoja, kisha wakaanza kujenga. Aliporudi akakuta barza mpya, nguzo zimesimama na vigae vyake vya zamani vimeshalala chini.

Kesho yake hakupita mlango wa wafanyakazi. Alipanga mstari na watu wengine kwenye dirisha la malalamiko, na zamu yake ilipofika akasema, macho yamelowa: "Banajenga kwangu barza, na hakuna hata mumoja aliniuliza."

Malalamiko yako tumeyapokea, Papa Adalbert. Jibu letu ni kwamba wakaaji wamekwisha kuamua, na huduma hii, kwa namna ulivyoilea, haina uwezo wa kuwapinga. Asante kwa miaka yote uliyotutembeza juani. Tutakukosa sana. Nenda ukakae sasa: kaa kwa amani na Mama Annie, kaa miaka mingi, na safari hii kaa ndani ya mpaka.