Kwaheri, Bi Ngoja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ndugu wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu wa kiwanda cha rangi, na wewe shemeji yetu uliyetuazima mkeo miaka yote hii: mimi meneja wenu nawasalimu kwa furaha.

Tumekuja kumuaga mkuu wetu wa masoko, ambaye nyuma ya mgongo wake, na siku hizi hata mbele yake, tunamwita Bi Ngoja.

Nani hapa amesahau mwaka ule mauzo yalipodorora hadi tukajadili kufunga zamu ya pili? Ng'ambo ya mpaka mji mpya ulikuwa ukijengwa, nyumba zimepigwa lipu, bado hazina rangi, na washindani wetu walikwishaingia. Malori yetu yalikuwa yamepakiwa. Naibu wake, Bwana Twende, alikuwa hashikiki: "Mama, soko linaliwa sisi tunatazama!"

Bi Ngoja akatangulia peke yake. Akakata mfuko wa mkate, akabandika ile nailoni kwa selotepu kwenye ukuta wa nyumba aliyofikia. Kesho yake akapiga simu: "Nailoni imelowa kwa ndani. Ukuta ukiugusa unaona mkavu, kumbe bado una maji. Ngojeni." Juma baada ya juma, jibu likawa hilo hilo. Na kina mama wa zamu ya pili walionisimamisha getini kuniuliza kama kazi ipo, ningewaambia nini? Niliwaambia wangoje.

Kisha rangi za waliotutangulia zikaanza kuvimba na kubanduka, wenye nyumba wakawafuata madukani kwa maneno makali. Ndipo simu ikalia: "Nailoni kavu. Leteni." Tukaingia, rangi ikashika, na zamu ya pili ndiyo ile imekaa safu za nyuma, inapiga kelele kuliko sisi sote. Mama, asante. Kuna watoto wamesoma kwa sababu ulikataa kuharakishwa.

Sitaficha, niliogopa. Ukiondoka, nani atatuzuia? Kiti chako amepewa Bwana Twende! Majuzi nikamwambia tupakie mzigo wa soko jingine, tusichelewe. Akafungua droo, akatoa kipande cha nailoni, akanitazama usoni: "Mzee, ngoja kwanza."

Nenda kapumzike, Mama. Umetuachia mtu. Nanyi nyote, asanteni sana kwa kunitegea sikio.