Ile Taa ya Birika

Mnisamehe nikishikilia hii meza. Wengine wakisimama hapa kutoa ushuhuda wanaimba kwanza. Mi nikianza kuimba nitalia, basi acheni niseme tu.

Mnanijua, mi ni yule mama wa taxi wa Carama. Nilikuwa sijui kuogopa. Kwenye foleni ya essence, yaani petroli, hata wanaume walinipisha kwa sababu ya mdomo wangu. Msicheke, mdomo bado ninao.

Sasa ndugu zangu, essence ilipokosekana, gari langu likawa halitembei. Kazi yake ilikuwa foleni: nawasha, nasogea hatua mbili, nazima. Kwenye kioo fundi alinibandikia kilometa za kufanya vidange, yaani kumwaga mafuta ya zamani ya moteri na kutia mapya. Nikaangalia, nikaona bado sana. Nikasema gari halijatembea, mafuta yatachoka na nini? Mwaka ukapita hivyo. Yakipungua, naongeza yale mazito ya malori yanayouzwa kwenye chupa za maji, maana jirani aliniambia moteri iliyozeeka inapenda mazito. Fundi sikumwuliza.

Siku moja essence ikapatikana. Nikampakia mama yangu mbele, mtoto wangu wa mwisho nyuma, tukapanda kwenda Bugarama kuona mgonjwa. Kwenye ule mlima, katikati ya kona mbili, ikawaka taa nyekundu ya mafuta ya moteri, ile yenye mfano wa birika. Nikasema moyoni, nikifika juu nitaangalia. Nawaambia, hilo neno "nikifika juu" lilikaribia kunizikia mtoto.

Moteri ikaanza kugonga, ko ko ko, kisha kimya. Freni ya mguu ikawa ngumu, usukani nao ukakataa. Gari likaanza kurudi nyuma taratibu, na nyuma yetu ni bonde. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili, bado linateleza. Freni ya mkono ilikuwa ya jina tu. Mama yangu analia, "Yesu, Yesu, mutoto iko nyuma!" Na mi mwenye mdomo sikupata hata sauti.

Lori likatupita likipiga honi, na vijana wa baiskeli wameng'ang'ania nyuma yake, kama kawaida ya barabara ile. Mmoja akaachia. Akatupa baiskeli, akaokota jiwe, akalisukuma chini ya tairi. Gari likasimama. Akaniambia, "Mama, toa mutoto kwanza, utalia kisha." Nilipogeuka kumshukuru alishashika lori lingine. Jina lake silijui mpaka leo.

Fundi alipofungua moteri, mafuta yalikuwa kama uji ulioungulia chunguni. Akanieleza kwamba kuwasha na kuzima, moteri haijapata moto vizuri, kunayachafua haraka, na kwamba yanazeeka hata gari likilala. Nyinyi wa kikundi hiki mkanisaidia, gari likatengenezwa.

Lakini mi sikutengenezwa. Gari likalala uani. Wateja wakipiga simu nasema sina essence. Nani angebisha, na Bujumbura nzima ilikuwa hivyo? Essence ikafika, nikaendelea kusema vilevile. Nikishika ufunguo, ninahisi ile freni ngumu chini ya mguu, naurudisha mezani. Watoto wakaanza kula mara moja kwa siku, na mi nina gari zima mlangoni.

Ndipo mama mmoja kati yenu, simtaji na yeye anajua, akaja asubuhi, akaingia garini, akafunga mlango.

"Unataka nikupeleke wapi?" nikamwuliza.

"Apana, hatuendi. Mi nakaa tu. We unaogopa nini, mulima?"

"Apana, dada. Naogopa ile taa."

"Basi nionyeshe."

Nikageuza ufunguo nusu. Taa zote zikawaka, na birika jekundu katikati. Nilitaka kufungua mlango nikimbie, huo ndio ukweli. Akanishika mkono. "Washa."

Nikawasha. Birika likazimika.

"Umeona? Ikikataa kuzimika, tunashuka. Ni hiyo tu."

Tukazima, tukawasha tena, na tena, mpaka tukaanza kucheka. Ndiyo, najua, fundi angetupigia kelele. Kisha tukaenda polepole mpaka Kinindo na kurudi.

Namshukuru Mungu, na yule kijana wa jiwe, na huyu dada aliyekubali kukaa kwenye gari lisiloenda popote. Wenye magari na pikipiki, tieni mafuta yanayotajwa na kitabu cha gari, si ya jirani. Kilometa zikiwa bado, hesabuni miezi, na wakati wa foleni fanyeni vidange mapema zaidi. Taa ile ikiwaka, simameni hapo hapo. Na anayeogopa asijifiche nyuma ya essence kama mimi.

Woga wangu haujaisha. Ila leo nimekuja na gari. Wa kurudi Carama, nafasi ni nne. Mtanisubiri kwanza nipime mafuta, halafu tutakaa kimya sote mpaka lile birika lizimike.