Mzee Laurean na Nahodha Aliyechukuliwa

Ndugu waombolezaji, mzee wetu aliagiza kwamba yakisomwa maisha yake yasomwe yote, nasi tunatii, ingawa midomo ni mizito.

Marehemu Laurean Kamugisha alizaliwa Kanyigo, Bukoba, tarehe 10 Agosti 1919, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akafanya kazi katika meli za Ziwa Viktoria, na mwaka 1941 akaenda Mombasa, akaajiriwa kutia makaa katika tanuri za meli ya mizigo Marden Hall.

Tarehe 14 Novemba 1942, katika mlango wa bahari wa Msumbiji, meli hiyo ilipigwa kombora na nyambizi ya Wajerumani, ikazama na wenzake waliokuwa chini kwenye tanuri, na waliopona wakajipakia mashuani, nahodha akiwa kati yao, amevua koti la cheo na kujipaka masizi asitambulike. Nyambizi ikaibuka, ofisa wake akauliza nahodha ni yupi, wote wakanyamaza, isipokuwa marehemu, aliyenyoosha kidole. Hakuna aliyemwelekezea bunduki; mwenyewe alisema alitaka tu Wajerumani wale waende zao. Nahodha alichukuliwa, akafia kifungoni.

Mwaka 1966 marehemu aliacha bahari, akahamia London, akafua shuka za hospitali huko Lewisham, na tarehe 6 Mei 1967 akafunga ndoa na Generosa, muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili, Valeria na Teresia.

Novemba 1979 kanisa letu lilimwita mbele kama shujaa wa vita, na binti wa nahodha, aliyepata habari za marehemu, akaja kumuuliza baba yake alichukuliwaje. Marehemu akamjibu kwamba nahodha alisimama mwenyewe, akajitoa ili mabaharia wake wapone. Tulipiga makofi, yule mama akamkumbatia akilia. Lakini Mzee Balbir wa Walthamstow, fundi wa meli ile, aliyekuwa naye mashua moja, alimngoja mlangoni, akamwambia, "Laurean, utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

Marehemu alikwenda na mkewe nyumbani kwa binti wa nahodha, akasema kweli, na yule mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ulimchukua mara moja. Kwa nini ulinirudishia, ili uje umchukue tena?" akawafungulia mlango watoke.

Tangu hapo marehemu alikaa kiti cha nyuma kanisani, hakupokea tena mkono wa pongezi, nasi ndugu, kwa kuona haya, tukapunguza kumtembelea.

Aliugua mapafu mwaka 1987, akalazwa, na tarehe 3 Machi 1988 akafariki akiwa na mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa kazini, na Mzee Balbir aliyemsomea magazeti kitandani. Tunamshukuru pia binti wa nahodha, ambaye yupo nasi hapa. Hajatuambia kama amesamehe, wala hatujamuuliza.

Baba, pumzika, Mungu akupe amani ambayo sisi hatukukupa.