Dakta Mwanamina na Fatiha ya Marereni

Wasikilizaji wapendwa, acheni sufuria kidogo mniazime masikio. Tumempoteza Dakta Mwanamina Hamad. Narudia kwa aliyechelewa: Dakta Mwanamina, mzaliwa wa Malindi, mwalimu wa chuo kikuu, mtaalamu wa maji ya ardhini, ametangulia mbele ya haki. Na sitawaficha, leo nazungumza nikiwa na uchungu.

Wengi mlimjua kwa mihadhara yake ya wazi. Chuo kikifungwa, wenzake walikwenda kupumzika. Yeye alikwenda kijijini Marereni. Alipanga viti katika uwanja wa shule na kufundisha bure, kwa Kiswahili cha nyumbani. Mhadhara uliompa jina ulihusu visima. Aliwaambia watu, "Kila mtu aje na maji ya kisima chake." Wakaja na chupa. Akawagawia vikombe, wakaonja maji ya jirani zao. Ya visima vilivyo karibu na mabwawa ya kuvunia chumvi yaliwakunja nyuso. Hapo ndipo akawaeleza jinsi chumvi inavyopenya chini kwa chini.

Wakati huo kampuni moja ilikuwa ikiomba kuongeza mabwawa, na kikao cha maoni ya wananchi kilikuwa karibu. Mzee Kambi, mwenyekiti wa kijiji, akasimama. "Dakta, wewe tangulia. Sote tutasema nyuma yako." Mikono ikainuliwa, ikasomwa Fatiha. Wakristo nao wakaitikia amina. Mnajua wenyewe, kwetu Pwani jambo likishasomewa Fatiha limefungwa. Halifunguliwi.

Lilifunguliwa, wasikilizaji. Kwenye kikao Dakta alisema peke yake. Alipogeuka kuwatafuta watu wake, kila mmoja alikuwa akiangalia viatu vyake. Kisha akasimama Kambi, Kambi yuleyule, akasema: "Mama huyu ni mgeni hapa. Sisi visima vyetu havina neno."

Wana wa Kambi walikuwa wameahidiwa kazi mabwawani. Kazi ni kazi, sikatai, na watoto lazima wale. Lakini asante ya punda ni mateke. Mabwawa yakaongezwa.

Dada wa marehemu, Bi Raiya, aliniambia hivi: "Hakulia kwa kushindwa. Alilia kwa kuitwa mgeni. Likizo iliyofuata alirudi kulekule, akapanga viti vyake. Hakuja mtu. Nikaketi mimi. Akanisomesha mhadhara wote mpaka mwisho, hata maswali akauliza."

Maradhi ya moyo ndiyo yaliyomchukua. Na matangani, Marereni nzima ilijaa uani. Kambi naye alikuja, na kwa kuwa amezoea kutangulia, akainua mikono kuanzisha Fatiha. Bi Raiya akatoka ndani kwa wanawake, akasema watu wote wakisikia: "Shusha mikono, Kambi. Ile ya kwanza hujaitimiza."

Mikono ikashuka. Imamu akaisoma mwenyewe.

Bi Raiya, nawe na jamaa zako wote, poleni sana. Mola ampe marehemu kauli thabiti. Na wewe msikilizaji uliyekuwa uwanjani siku ile, uliyeinua mikono ukaitikia, nakuomba jambo moja. Nenda kisimani kwako leo. Chota kikombe, uonje. Kisha uniambie, mgeni alikuwa nani.